Mapenzi na Kikohozi: Uchumba wa John Keats na Fanny Brawne (1818-1821) katika Mizani ya Historia

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Methali hii hutamkwa kwa mzaha, na aghalabu anayeitamka huwa hamkusudii mgonjwa yeyote. Hata hivyo, ipo kadhia moja katika historia ya fasihi ya Kiingereza ambamo mapenzi na kikohozi vilikutana kwa maana yake halisi, tena kwa namna iliyoipindua methali yenyewe: kikohozi hakikufichika, bali mapenzi yalifichwa mbele ya umma kwa takriban miaka 60. Kadhia hiyo ni ya mshairi John Keats na mchumba wake, Fanny Brawne.

Makala haya hayakusudii kuisimulia upya hadithi ambayo filamu ya Jane Campion, Bright Star (2009), imekwisha kuieneza kwa wengi. Yanakusudia kuichunguza kwa swali moja la kihistoria: baada ya Keats kufa, ni nani aliyeshtakiwa kwa kifo chake, na mashtaka hayo yalitokana na elimu gani? Katika muda wa karne moja na nusu washtakiwa wamekuwa watatu: mhakiki wa gazeti, msichana wa miaka 18, na kijidudu. Huyo wa pili ndiye aliyekaa kizimbani muda mrefu kwa ushahidi haba kuliko wote.

Keats alizaliwa London tarehe 31 Oktoba 1795. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1810, naye mwanawe akiwa na miaka 14. Kijana huyo alifunzwa utabibu: aliingia Guy's Hospital mwaka 1815, na mwaka uliofuata akafaulu mtihani uliompa leseni ya kutibu na kuuza dawa. Baadaye aliiacha kazi hiyo akaushika ushairi. Jambo hili la utabibu lina uzito katika kisa kizima, kwani linamaanisha kuwa mgonjwa anayezungumziwa hapa hakuwa mtu wa kudanganyika. Aliyaona maradhi yakimla mama na ndugu, na alifunzwa kuzisoma dalili zake.

Kabla ya kumfikia Fanny Brawne, haina budi kusimama kidogo kwa ndugu yake Keats, Tom, ambaye wahakiki humpita upesi. Tom alizaliwa mwaka 1799 na kufa kwa kifua kikuu tarehe 1 Disemba 1818, akiwa na miaka 19, kaka yake akimwuguza kitandani. Akiwa bado mvulana, Tom alikuwa amepokea barua za mapenzi kutoka kwa msichana aliyejiita Amena. Msichana huyo hakuwako. Barua zilibuniwa na Charles Wells, rafiki wa familia, kwa ajili ya dhihaka tu. Mwezi wa Aprili 1819 Keats alizipitia karatasi za marehemu, akazisoma barua hizo, na akaapa kulipiza kisasi, kwa kuwa aliamini kuwa hila ile ilimharakishia mdogo wake kifo. Imani hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Keats, mwenye leseni ya utabibu, alichukulia kama jambo lisilohitaji hoja kwamba mapenzi yaliyovunjika yanaweza kuyala mapafu ya mvulana. Hakuwa peke yake. Utabibu wa Uingereza wa zama hizo uliuona ugonjwa huo kuwa ni wa maumbile ya kurithi, ambao huamshwa na hisia kali, huzuni, kazi ya akili au shauku isiyotimizwa. Miezi michache baadaye nadharia hiyohiyo ingemgeukia Keats mwenyewe.

Alikutana na Fanny Brawne katika miezi ya mwisho ya 1818, Hampstead, kaskazini mwa London, wakati Tom akiwa mahututi. Fanny alizaliwa tarehe 9 Agosti 1800. Alikuwa ametimiza miaka 18 tu. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, yeye pia kwa kifua kikuu, mwaka 1810, ule ule aliokufa mama yake Keats. Kwa hiyo waliokutana hapo walikuwa vijana wawili ambao ugonjwa mmoja ulikwisha kubisha katika nyumba zao zote mbili. Fanny alipenda mitindo ya mavazi, alishona kwa ustadi, na alijua Kifaransa. Mambo haya matatu yalikuja kutumiwa dhidi yake baadaye, kana kwamba msichana anayejua kushona hawezi kujua kupenda. Sikukuu ya Krismasi ya 1818 waliishinda pamoja, wiki chache baada ya mazishi ya Tom. Miaka mitatu baadaye Fanny aliikumbuka siku hiyo kuwa ndiyo iliyokuwa ya furaha kuliko zote alizopata kuziona hadi wakati ule.

Mwezi wa Aprili 1819 mama Brawne na watoto wake watatu walihamia Wentworth Place, nyumba iliyogawanywa sehemu mbili, Keats akiwa mpangaji wa rafiki yake Charles Brown katika sehemu ya pili. Ukuta mmoja ukawa kati yao. Mashairi ambayo yamempa Keats nafasi yake katika fasihi ya dunia yaliandikwa zaidi katika miezi hiyo ya 1819. Wahakiki hawajachoka kuuliza kama ni mapenzi yaliyoyazaa. Swali hilo halina jawabu, na pengine halina faida. Linaloweza kuthibitishwa ni kuwa uchumba ulikuwapo, kwamba Fanny alivaa pete yenye kito chekundu, na kwamba ndoa ilizuiwa na ufukara. Keats hakuwa na kazi, na urithi wake ulishikiliwa na mlezi asiyeona maana ya ushairi.

Usiku wa tarehe 3 Februari 1820 Keats alirudi nyumbani akiwa amepanda juu ya gari la farasi katika baridi kali. Alipojilaza alikohoa, na tone la damu likadondoka kwenye shuka. Aliomba mshumaa, akaitazama rangi ya damu hiyo, akamwambia Brown kuwa anaijua: ni damu ya mshipa mkuu, nayo ndiyo hati ya kifo chake. Hapa ndipo elimu ya Guy's Hospital ilipomrudia. Mpasuaji aliyeitwa usiku ule alimtoa damu zaidi, kwa mujibu wa kanuni za wakati huo. Daktari bingwa aliyefuata hakuona ugonjwa wa mapafu. Aliona mishipa ya fahamu iliyochoshwa na msisimko wa ushairi. Mgonjwa akaamriwa ale kidogo, asisome wala kuandika mashairi, na aepukane na kila kitu cha kumtikisa moyo.

Miongoni mwa vitu vya kumtikisa moyo alikuwamo mchumba wake, upande wa pili wa ukuta.

Barua fupi za majuma yaliyofuata ni ushahidi wa nadra wa namna amri ya daktari inavyoingia kati ya wapendanao. Keats alimwandikia Fanny karibu kila siku, ilhali wangeweza kusikiana kupitia ukutani. Alipanga saa za kumwona, akazifupisha, akaziahirisha, akamwomba apite mbele ya dirisha. Mwezi huohuo wa Februari alimpa ruhusa ya kuuvunja uchumba. Fanny alikataa. Alikuwa na miaka 19, bila mali kubwa, akiwa na mama aliyekuwa na kila sababu ya kumtakia mume mzima mwenye kipato. Katika mjadala mrefu uliofuata kuhusu tabia ya msichana huyu, kukataa huku kumetajwa mara chache kuliko penzi lake kwa dansi.

Si haki, kwa upande mwingine, kumfanya Keats malaika. Baadhi ya barua zake za 1820 ni kali na zenye wivu usiostahiki. Zinamlaumu Fanny kwa kucheka na wengine, na zinadai asitoke, asifurahi, aishi kwa ajili yake tu. Mtu mwenye homa, mwenye njaa kwa amri ya tabibu, aliyepunguziwa damu, aliyekatazwa kazi yake na mpenzi wake kwa pamoja, huenda akaandika hivyo. Kulielewa jambo hilo si kulihalalisha. Fanny alizihifadhi barua hizo pia, wala hakuzichoma zile zilizomuumiza.

Tarehe 22 Juni alitema damu tena, akahamia kwa Leigh Hunt huko Kentish Town. Tarehe 12 Agosti barua ya Fanny ilimfikia ikiwa imekwisha kufunguliwa na mtu wa nyumba ile. Keats alilia, akaondoka kwa miguu kurudi Hampstead akiwa katika hali mbaya, akafika mlangoni kwa mama Brawne. Hapo mama huyo akafanya jambo ambalo desturi za tabaka lake hazikulitazamia: alimpokea ndani. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi Keats aliuguzwa na mchumba wake na mama mkwe mtarajiwa. 

Kwa jicho la elimu ya leo, mwezi huo una sura nyingine. Hakuna aliyejua kuwa hewa ya chumba kile ilikuwa na hatari. Waingereza hawakuamini kuwa kifua kikuu huambukiza. Walichokiogopa ni mapenzi, si mate. Kusini mwa Ulaya mambo yalikuwa kinyume: ufalme wa Naples ulikuwa na amri ya mwaka 1782 iliyolazimisha wagonjwa wa kifua kuripotiwa na vyombo vyao kuteketezwa. Kwa hiyo kijana huyo alisafirishwa kutoka nchi iliyomtenga na mpenzi wake kwa sababu isiyo ya kweli hadi pande ambazo zingemtenga na watu wote kwa sababu iliyo karibu na ukweli. Samuel, kaka mdogo wa Fanny aliyekuwa akiishi katika nyumba ileile, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1828. Haiwezekani kudai kuwa aliambukizwa na Keats, kwa kuwa baba yao naye alikuwa na ugonjwa huo na London yote ilijaa wagonjwa. Lakini mwanahistoria hana budi kulitaja.

Safari ilianza Septemba 1820. Fanny alimshonea kitambaa cha hariri ndani ya kofia yake ya safari na kumpa akiki nyeupe. Keats aliondoka Hampstead tarehe 13, akapanda merikebu Maria Crowther pamoja na mchoraji kijana Joseph Severn. Katika chumba kimoja cha merikebu hiyo alikuwamo abiria mwingine mwenye kifua kikuu, Miss Cotterell, msichana wa umri wa miaka kama 18. Severn ameeleza kuwa madirisha yakifungwa msichana alizimia, na yakifunguliwa Keats alishikwa na kikohozi. Riwaya yoyote ingeona haya kubuni tukio kama hilo. Walipofika Naples merikebu iliwekwa karantini kwa siku kumi kwa sababu ya homa iliyokuwako London, na Keats akatimiza miaka 25 siku waliyoruhusiwa kushuka. Tarehe 24 Oktoba aliandika barua, si kwa Fanny bali kwa mama yake, na chini yake akaongeza maneno machache ya kuagana na binti. Hakumwandikia tena.

Tarehe 1 Novemba alimwandikia Brown kuwa laiti angalimwoa Fanny alipokuwa mzima, angaliendelea kuwa mzima. Mshtaki na mtetezi wa Fanny ni mtu mmoja hapa: kwa imani ya Keats, kilichomuua ni kumkosa msichana huyo. Kauli hiyo ya mgonjwa aliyekata tamaa ndiyo iliyokuja kusomwa kama hati ya daktari.

Walipofika Roma tarehe 15 Novemba, Daktari James Clark alidhani kwanza kuwa shida iko tumboni. Matibabu yalikuwa yaleyale: damu ikatolewa, chakula kikapunguzwa hadi dagaa mmoja na kipande cha mkate kwa siku. Barua za Fanny zilifika. Keats hakuthubutu kuzifungua. Aliamuru zizikwe pamoja naye. Alifariki tarehe 23 Februari 1821. Maiti ilipopasuliwa mapafu yalionekana kuwa yameteketea takriban yote. Wakuu wa Roma walichoma vyombo vya chumba na kuta zikakwanguliwa.

Mshtakiwa wa kwanza alipatikana mwaka huohuo. Shelley alitunga ombolezo lake Adonais (1821) akidai kuwa Keats aliuawa na uhakiki mkali wa Quarterly Review wa 1818. Dai hili lilipendeza kwa kuwa lilimfanya mshairi shahidi wa sanaa. Byron alilifanyia dhihaka, nalo likadumu hata hivyo. Ni ajabu kidogo kwamba wahakiki, kwa muda wote huo, hawakukasirika sana kuambiwa kuwa wanaweza kuua kwa kalamu.

Fanny alivaa nguo za msiba kwa miaka kadhaa, na akamwandikia Fanny Keats, umbu lake marehemu, aliyekuwa na miaka 17 wakati wa msiba. Uandishi huo wa barua ulianza Septemba 1820 kwa ombi la Keats mwenyewe na ukaendelea hadi 1824. Wasichana wawili hawa ndio walioomboleza kwa uwazi. Katika barua moja Brawne anaeleza kuwa hakuyashinda majonzi na wala hatayashinda. Mwaka 1833 aliolewa na Louis Lindo, baadaye Lindon, mtu mdogo kwake kwa umri, wakapata watoto watatu. Mara moja tu alizungumza na umma: Thomas Medwin, katika kitabu chake cha 1847 kuhusu Shelley, alichapisha maelezo yake, bila jina lake, akikanusha kuwa Keats aliyekuwa mahututi alikuwa mtu wa ghadhabu na fujo. Mwaka uliofuata Monckton Milnes alichapisha wasifu wa Keats, humo pia jina la Fanny halimo. Alifariki Disemba 1865. Katika mwaka huohuo Mfaransa Jean-Antoine Villemin alitoa ushahidi kwa majaribio ya sungura kuwa kifua kikuu huambukiza. Kijidudu chenyewe kilitambulishwa na Robert Koch, Berlin, tarehe 24 Machi 1882.

Mshtakiwa wa pili aliletwa mahakamani baina ya tarehe hizo mbili. Mwaka 1878 Harry Buxton Forman alichapisha barua za Keats kwa Fanny Brawne, ambazo watoto wake waliziuza. Wasomaji wa enzi ya Victoria walitahayari. Matthew Arnold, mwaka 1880, aliziona kuwa ni barua za mwanafunzi wa mpasuaji asiye na malezi. Wengine walielekeza lawama kwa aliyeandikiwa: msichana mwepesi, mpenda anasa, asiyejua amependwa na nani, aliyemtesa mgonjwa kwa ukoketi. Hukumu hiyo ilitolewa bila neno hata moja la msichana mwenyewe, kwa sababu majibu yake yote yalipotea au yalizikwa. Aidha, hukumu hiyo haikuwa ya kifasihi kwa asili. Ilikuwa nadharia ileile ya madaktari wa 1820, kwamba shauku huamsha kifua kikuu, iliyovikwa joho la uhakiki, na ikaendelea kufanya kazi katika maandishi ya wahakiki miaka mingi baada ya Koch kuifuta katika maandishi ya madaktari. Susan Sontag, katika Illness as Metaphor (1978), alionyesha jinsi kifua kikuu kilivyopambwa kuwa ugonjwa wa watu wenye hisia. Alichokiona katika upande wa mgonjwa kinaonekana pia, kwa ubaya zaidi, katika upande wa anayebaki: ikiwa shauku huua, basi aliyependwa ni muuaji.

Mwaka 1936 barua za Fanny Brawne kwa Fanny Keats zilichapishwa. Zilikuwa zimehifadhiwa na familia ya Fanny Keats, aliyeolewa na Mhispania na kufa Madrid mwaka 1889. Ndani yake mnasikika sauti ya kijana mwerevu, mwenye mzaha, msomaji mzuri, asiyelia kwa ajili ya kuonwa. Wahakiki wengi walibadili kauli, na Joanna Richardson akamwandikia wasifu wake mwaka 1952.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaweza kulitazama suala hili kwa zana zake mwenyewe. Keats alifika Afrika Mashariki kupitia silabasi za kikoloni, akisomeshwa kama mshairi wa uzuri mtupu, asiye na mapafu wala deni. Mjadala wa Nairobi wa 1968, ulioongozwa na Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliiondoa fasihi ya Kiingereza katika kitovu, lakini haukulazimisha kuacha kuisoma. Ulilazimisha kuisoma kutoka hapa. Mtu aliyelelewa katika mashairi ya mahaba ya pwani anajua mfumo ambamo mpenzi ni mgonjwa, mpendwa ni tabibu, na dawa ni kukutana. Mfumo huo ni istiari inayojulikana kuwa istiari. Hadhira haimtazamii malenga afe. Katika kadhia ya Hampstead istiari ilichukuliwa kama utambuzi wa ugonjwa. Mgonjwa alikuwa tabibu kwa leseni, mpendwa alihesabiwa kuwa sumu, na dawa ikawa kutokukutana. Hapo ndipo tofauti ilipo, na si katika wingi wa machozi.

Pete yenye kito chekundu Fanny aliivaa hadi alipokufa, na sasa imehifadhiwa Keats House, ile nyumba ya ukuta mmoja, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1925. Barua zake alizoandika Hampstead katika majira ya baridi ya 1820-21 zimo kaburini, katika makaburi ya wasio Wakatoliki, Roma, na muhuri wake haujavunjwa.